Wiki Kumi na Mbili Zisizo na Mwenyewe

Dola yetu inajua kupima mimba mapema. Kwa miaka mingi wasichana wa sekondari walipangwa foleni, wakapimwa, na aliyekutwa na ujauzito akafukuzwa shule kabla hata tumbo halijaonekana. Zoezi hilo halikuhitaji mashine za bei kubwa, halikungoja wafadhili, na sikupata kusikia ofisa yeyote akilalamika kwamba wahudumu hawatoshi. Novemba 2021 Serikali ikatangaza kwamba wasichana hao wanaweza kurudi darasani, nami nilikuwa miongoni mwa waliopongeza. Lakini tangu wakati huo swali moja halijaniacha. Ikiwa tuliweza kuugundua ujauzito katika wiki za mwanzo kwa ajili ya kuadhibu, kwa nini tunashindwa kuugundua katika wiki hizo hizo kwa ajili ya kutibu?

Nimelileta swali hili kwa sababu ya maradhi ambayo hayamo katika hotuba za majukwaani: upungufu wa homoni ya thairoidi kwa mama mjamzito. Wapo wasomaji wangu watakaoshangaa, maana wamezoea kunikuta nikigombana na bajeti, katiba na mikopo ya wanafunzi. Tena mimi si tabibu. Udaktari wangu ni wa falsafa, jambo ambalo nimeshindwa kulieleza kwa ukoo wangu kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Bado napigiwa simu usiku kuulizwa dawa ya mgongo. Basi sikuja hapa kumwandikia mtu dozi. Hoja yangu ni hii: maradhi haya yanatibika kwa kidonge kisicho na makuu, elimu yake ni ya zaidi ya karne, na bado yanawadhuru wanawake wetu na watoto wao kwa sababu mfumo wetu wa huduma umepangwa kuchelewa, na hesabu zetu zimepangwa kuona vifo peke yake.

Tuanze na mwili wenyewe, kwani siasa ya jambo hili imejificha humo. Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, ikiwa na umbo kama la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni iitwayo thairoksini kwa kutumia iodini, ile ambayo pakiti za chumvi huiita madini joto. Homoni hiyo ndiyo huupangia mwili mwendo: mapigo ya moyo, joto, choo, hedhi, hata wepesi wa kufikiri. Ikipungua, kila kitu hupungua kasi. Mwanamke huamka amechoka kana kwamba hakulala, husikia baridi wenzake wakitoka jasho, ngozi hukauka, nywele hukatika, sauti hukwaruza, uzito huongezeka ilhali chakula ni kile kile.

Mtoto aliye tumboni naye ana tezi yake, lakini tezi hiyo huanza kutengeneza homoni karibu na wiki ya 12, na haifikii kujitosheleza hadi karibu nusu ya ujauzito. Kabla ya hapo ubongo wake, ambao ndio kwanza unajengwa, hutegemea thairoksini ya mama inayopita kwenye kondo la nyuma. Ndiyo maana tezi ya mama mwenye afya huongeza kazi yake kwa takriban nusu mara tu mimba inapotunga, bila yeye kuambiwa wala kuagizwa. Sasa mfikirie mwanamke ambaye tezi yake iliondolewa na daktari wa upasuaji kwa sababu ya rovu, au ilichomwa kwa iodini ya mionzi, au imeshambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, hali ambayo Mjapani Hakaru Hashimoto aliieleza mwaka 1912. Mwanamke huyo anaishi kwa kidonge cha levothairoksini kila asubuhi. Na kidonge hakijui kwamba mwenye nacho amepata mimba. Hakijiongezi.

Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Erik Alexander na wenzake, walichapisha katika New England Journal of Medicine matokeo ya kuwafuatilia wanawake wa namna hiyo katika mimba 20. Katika mimba 17 dozi ililazimika kuongezwa. Kwa wastani mahitaji yalipanda kwa asilimia 47 katika nusu ya kwanza ya ujauzito, na kwa baadhi yao kupanda huko kulianza mapema kiasi cha wiki ya tano. Wiki ya tano, ndugu msomaji! Wakati huo mwanamke ndio kwanza anahesabu siku kwa vidole na kujiuliza kama hedhi imechelewa au ni safari za mwezi uliopita zilizomchosha. Kutokana na utafiti huo watafiti walipendekeza utaratibu ambao hata mtoto wa darasa la nne angeuelewa: mwanamke aliyekuwa akimeza vidonge saba kwa wiki ameze tisa mara tu anapothibitisha kuwa ni mjamzito, kisha aende kupimwa. Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa mwaka 2017 unasema vivyo hivyo, na kuongeza kwamba kipimo cha TSH kifanyike kila baada ya wiki nne hivi hadi nusu ya ujauzito, kisha mara nyingine karibu na wiki ya 30. Makubaliano ya kuongeza dozi hufanywa na daktari kabla mimba haijatungwa, ili siku ikifika mwanamke asianze kutafuta ruhusa.

Sasa weka kalenda hiyo kando ya kalenda yetu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mama ahudhurie kliniki mara ya kwanza kabla ya wiki ya 12. Utafiti wetu wenyewe wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionesha kwamba takriban mwanamke mmoja tu kati ya wanne alifika katika miezi mitatu ya mwanzo. Watatu waliobaki walikuja baadaye. Hali imesogea mbele tangu hapo, lakini mtu yeyote anayeketi kwenye mabenchi ya kliniki za mama na mtoto anajua kwamba mahudhurio ya kwanza ya mwezi wa tano si jambo la kushangaza. Kwa mwanamke mwenye tezi isiyofanya kazi, mwezi wa tano ni kufika sokoni jioni. Kilichokuwa kinahitaji kujengwa kwa thairoksini yake kimeshajengwa kwa kile kilichokuwapo.

Hapa ndipo wataalamu wetu wa semina hupenda kusema neno "uelewa". Wanawake hawana uelewa, kwa hiyo tutoe elimu, tuchapishe fulana. Mimi sikubaliani. Mwanamke anayechelewa kliniki mara nyingi ana sababu ambazo akili timamu yoyote ingezikubali. Mimba changa haitangazwi. Hekima hiyo ya bibi zetu ilitokana na kuona mimba nyingi zikiharibika. Mwenye mkataba wa miezi sita kiwandani au katika shule binafsi anajua kwamba tumbo likionekana kabla mkataba haujahuishwa, hautahuishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi, lakini siku hizo zinamfaa aliyebaki kazini mpaka akajifungua. Mwanafunzi wa chuo anaficha kwa sababu zake. Na katika baadhi ya vituo, mwanamke anayekwenda peke yake kwenye hudhurio la kwanza huambiwa arudi na mwenzi wake, au alete barua kutoka serikali ya mtaa inayoeleza kwa nini hana mwenzi. Hebu fikiri! Mwanamke wa wiki ya nane anaketi nje ya ofisi ya mtendaji akingojea mhuri wa kuthibitisha upweke wake, na wiki zinapita. Mtu aliyebuni utaratibu huo alikuwa na nia njema ya kuwaleta wanaume kwenye upimaji wa Virusi vya UKIMWI. Gharama ya nia yake njema inalipwa na mwingine.

Hata anayewahi hana uhakika wa kukuta kitu. Mdogo wangu wa kike, aliyeolewa katika mkoa mmoja wa nyanda za juu kusini, aliondolewa tezi yote kwa upasuaji akiwa na miaka 24 kwa sababu ya rovu. Alikuwa akimeza mikrogramu 100 kila asubuhi kabla ya chai. Alipopata mimba yake ya kwanza alifanya kila kitu ambacho Serikali humwomba mwanamke afanye: alikwenda kliniki katika wiki ya tisa, na mumewe kando yake, na kitambulisho mfukoni. Kadi aliyopewa ilikuwa na nafasi ya kisukari, moyo, kifua kikuu, urefu wake, upasuaji wa uzazi uliotangulia. Nafasi ya thairoidi haikuwapo. Alipotoa kichupa chake mwenyewe na kukionesha, aliambiwa kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, dawa nyingine hizi mimba haizipendi. Ziache kwanza mpaka ujifungue, umeze hizi za kuongeza damu." Akaziacha. Nani angemlaumu? Aliambiwa na mwenye sare.

Mimba ile ilitoka katika wiki ya 17. TSH yake, ilipopimwa hatimaye katika hospitali nyingine, ilikuwa zaidi ya 40, na kiwango kinachotakiwa kwa mjamzito anayetumia dawa ni chini ya 2.5. Daktari aliyempokea huko, mtu mkweli, alitueleza kwamba mimba huharibika kwa sababu nyingi na kwamba hawezi kuapa ni ipi iliyoiharibu hii. Nami siapi. Ninachojua ni kwamba kwa wiki nane dada huyu aliishi bila homoni ambayo binadamu hawezi kuishi bila hiyo, na alifanya hivyo kwa utiifu.

Simlengi muuguzi yule. Alikuwa peke yake mbele ya benchi lililojaa. Anaulizwa na wakubwa wake kuhusu malaria, kaswende, VVU, wingi wa damu, protini kwenye mkojo. Anajaza madaftari ambayo idadi yake ingemchosha hata mhasibu. Mtu hujibu kile anachoulizwa na fomu. Fomu haikumwuliza habari ya tezi, na mafunzo yake hayakumwambia kwamba levothairoksini ni homoni ile ile ambayo mwili hutengeneza, kwamba kwa mjamzito si hatari, na kwamba hatari iko katika kuikosa: mimba kuharibika, presha ya ujauzito, kondo kuachia kabla ya wakati, mtoto kuzaliwa njiti au mwenye uzito mdogo. Kosa liko kwa aliyeiandika fomu, naye ana ofisi yenye kiyoyozi.

Na vile vidonge vya kuongeza damu vina kisa chao. Madini ya chuma hushikamana na levothairoksini tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Kalsiamu hufanya hivyo hivyo, na dawa nyingi za kiungulia pia. Kwa hiyo mwanamke anayemeza kidonge chake cha tezi na kidonge cha damu kwa funda moja la maji, kama wengi wanavyofanya ili wasisahau, anaweza kuwa amemeza vyote na kupata kimoja. Dawa ni kuvitenganisha kwa saa nne. Thairoksini alfajiri tumbo likiwa tupu, chai baada ya nusu saa hadi saa nzima, vidonge vya damu mchana au usiku. Sentensi hiyo moja haigharimu shilingi. Serikali inagawa vidonge vya damu kwa mamilioni, na ni jambo jema, lakini ingeweza kuchapisha sentensi hiyo kwenye bahasha.

Lipo jambo jingine linaloyafanya maradhi haya yasionekane, nalo ni kwamba dalili zake zinafanana na ujauzito wenyewe. Uchovu? Ni mimba. Kukosa choo? Ni mimba. Kuongezeka uzito, kuvimba uso, kusahau vitu? Mimba, mimba, mimba. Nyumbani mama mkwe anasema anadeka. Kazini bosi anasema tangu apate mimba amekuwa mvivu. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha idara ambapo mwenzetu mmoja alijadiliwa kwa namna hiyo, na waliokuwa wakimjadili walikuwa na shahada za uzamivu. Katika nchi inayotarajia mwanamke mjamzito achote maji, afundishe vipindi na kupika jioni, mwili unaoenda polepole husomwa kama tabia mbaya. Na pale ambapo mwanamke mwenyewe anakataa kuamini kwamba ni uvivu, anayempokea kwa haraka zaidi si hospitali. Ni muuza virutubisho wa Instagram mwenye chupa ya "kuweka homoni sawa", anayeuza kwa bei ambayo ingenunua levothairoksini ya miezi kadhaa.

Sasa niwajibu wenye hoja ya vipaumbele, kwani nawaheshimu na wengine ni marafiki zangu wizarani. Wanasema: wanawake wetu wanakufa kwa kutokwa na damu na kifafa cha mimba, wewe unatuletea tezi. Tena wana haki ya kujivuna. Takwimu za kitaifa zinaonesha vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Si jambo dogo. Lakini tazama takwimu hiyo inahesabu nini. Inahesabu mwanamke aliyekufa. Mama aliyetoka wodini akiwa hai na mtoto ambaye ubongo wake ulijengwa kwa homoni pungufu huingia katika takwimu kama ushindi. Aliyepoteza mimba ya wiki ya 17 na kubaki hai haingii kabisa. Dola inayojipima kwa vifo peke yake itakuwa hodari wa mlango wa leba na kipofu wa miezi minane iliyotangulia.

Halafu hoja ya gharama. George Murray wa Newcastle alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa maji ya tezi ya kondoo mwaka 1891. Thairoksini ilitengenezwa maabara mwaka 1927. Levothairoksini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hatuzungumzii dawa ya saratani iliyotoka kiwandani jana. Kipimo cha TSH, nakubali, hakiko kwenye zahanati, kiko kwenye hospitali kubwa na maabara binafsi za mijini; na katika vituo ninavyovifahamu, ule ubure wa huduma za mjamzito uliotajwa katika Sera ya Afya ya mwaka 2007 huishia kabla ya kukifikia. Lakini nchi hii kwa miaka mingi imesafirisha kutoka zahanati za vijijini matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, damu ya watoto waliozaliwa na mama wenye VVU, hadi maabara kubwa, na kurudisha majibu. Njia ile ile inaweza kubeba kichupa kimoja zaidi cha mwanamke aliyejibu "ndiyo" alipoulizwa kama alipasuliwa shingo.

Nisije nikaeleweka kwamba ninataka kila mjamzito apimwe TSH. Hapo natofautiana na baadhi ya hospitali binafsi za mijini ambazo zimekwisha kugundua kwamba hofu ya mama ni biashara. Ushahidi hauko wazi kiasi hicho. Mwaka 1999 James Haddow na wenzake huko Maine walionesha kwamba watoto wa wanawake 48 ambao upungufu wao haukutibiwa wakati wa ujauzito walipata, walipofika umri wa miaka 7 hadi 9, alama 7 pungufu kwa wastani katika kipimo cha akili. Matokeo hayo yaliitikisa dunia. Lakini mwaka 2012 utafiti mkubwa wa Uingereza na Italia uliohusisha karibu wanawake 22,000, na mwingine wa Marekani mwaka 2017 juu ya upungufu mdogo usio na dalili, haukuona faida ya kuwasaka na kuwatibu, watoto walipopimwa wakiwa na miaka mitatu na mitano. Watetezi wa upimaji wa wote wanajibu kwamba matibabu katika tafiti hizo yalianza kwa kuchelewa, karibu na wiki ya 13 katika ule wa kwanza na ya 17 katika ule wa pili. Huenda wana haki. Ubishi huo uendelee kwenye majarida. Upungufu ulio dhahiri, wa mwanamke aliyeondolewa tezi au ambaye homoni yake imeshuka kweli, haubishaniwi na yeyote kati yao: unatibiwa, na unatibiwa mara moja. Kwa huyo tunahitaji swali kabla ya kuhitaji mashine.

Tena nchi hii si mgeni katika mambo ya tezi. Kuna wakati rovu lilikuwa jambo la kawaida katika shingo za watu wa Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, kwa kuwa udongo wa milima umeoshwa iodini yake na mvua. Kuanzia miaka ya 1980 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika, na miaka ya 1990 ikaja na kanuni za kuweka madini joto kwenye chumvi. Wachumi watatu, Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero, waliandika mwaka 2009 kwamba watoto wa Kitanzania ambao mama zao walipata vidonge hivyo walisoma zaidi ya wenzao kwa takriban theluthi hadi nusu ya mwaka wa shule, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Uaminifu wa kitaaluma unanilazimu kuongeza kwamba wachumi wengine waliirudia kazi hiyo kwa data pana zaidi, nao katika chapisho la mwaka 2020 wakasema matokeo yale hayasimami imara. Mimi nachukua somo jingine, ambalo halihitaji hesabu za wachumi: dola iliwahi kufika Makete na Ludewa na kidonge mkononi, ikiwafuata watu wasiougua bado, kwa ajili ya ubongo wa watoto ambao hawajazaliwa. Ilijua kuwahi.

Chumvi nayo isitulevye. Wazalishaji wadogo wa ukanda wa pwani bado huuza chumvi isiyo na madini joto, na hata visiwani, ambako iliaminika kwamba samaki wanatosha, watafiti waliwakuta watoto wa shule wenye rovu. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za iodini kwa siku, wakati mtu mzima wa kawaida anahitaji 150. Lakini kwa mwanamke asiye na tezi, chumvi ya pakiti haina msaada wowote. Ni kumpelekea saruji mtu asiye na fundi. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia maofisa wakijibu swali la levothairoksini kwa takwimu za chumvi, kana kwamba wameulizwa hilo.

Wizara haihitaji Sheria mpya ya Bunge. Inahitaji mstari mmoja kwenye kadi: umewahi kupasuliwa au kutibiwa tezi ya shingo, au unatumia dawa yake? Inahitaji waraka unaowakataza wahudumu kusimamisha levothairoksini kwa mjamzito na kuwaagiza wamtume apimwe wiki hiyo hiyo. Inahitaji Bohari ya Dawa ihakikishe kidonge hicho kinafika hospitali za wilaya mwaka mzima, kwani dawa ya kila siku inayopatikana miezi minane ni dawa isiyopatikana. Inahitaji kila mwanamke anayetoka kwenye upasuaji wa tezi akiwa katika umri wa kuzaa apewe, pamoja na tarehe ya kutoa nyuzi, karatasi inayosema afanye nini siku atakapokosa hedhi. Barua ya mtendaji ifutwe leo. Na kanuni za Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 zikitajwa tena kwenye meza za majadiliano, wanaharakati mnaosoma hapa ulizeni kama TSH ya mjamzito aliye katika matibabu imo kwenye kitita, na ulizeni kwa maandishi.

Baada ya kujifungua, mwanamke hurudi kwenye dozi aliyokuwa nayo kabla ya ujauzito, anaweza kunyonyesha bila wasiwasi, na TSH yake hupimwa tena wiki ya sita. Utaratibu wetu wa kliniki unamtaka mama na mtoto wahudhurie siku ya 42. Hiyo ndiyo wiki ya sita. Tarehe ipo tayari.